Okapi Aliyeitwa Floribert

Huko Bunia, watu wanaojadili mambo ya nchi wakiwa wamesimama kando ya barabara huitwa bunge la wasimamao. Lile la Nyakasanza, chini ya ukuta wa duka la saruji, lilikuwa na benchi, kwa hiyo lilijiita bunge la wakaao na likajiona limeendelea kuliko mengine yote. Spika wake alikuwa Mama Charlotte, mwenye thermos mbili za kahawa ya tangawizi, maana pale hakuna aliyepewa neno kabla ya kupewa kikombe. Kulia alikaa Félicien, maarufu kwa jina la Kominike, ambaye zamani alisoma redioni matangazo ya misiba na ya mbuzi waliopotea, na tangu hapo hajaweza kuomba hata kiberiti bila kutaja vyanzo vya kuaminika. Kushoto alikaa Philippe, Dokta Plafo, fundi wa dari, mtu wa kuzungumza akitazama juu. Katikati, pale ubao ulipokuwa umezama kidogo, ndipo mahali pa Muzee Floribert, aliyekuwa mwandikishaji wa watoto wanaozaliwa huko Fataki mpaka siku vita ilipoifunga ofisi yake kabla ya saa za kazi kwisha. Mwaka huo gavana alikuwa mwanajeshi, meya alikuwa polisi, na hata jioni ilikuwa na amri yake ya kutotoka nje.

Asubuhi hiyo ajenda ilikuwa moja, na ilikuwa wiki ya pili haijapata azimio.

– Bado? akauliza Mama Charlotte.

– Bado, akasema Floribert. Simu ilikuwa imelala gotini kwake, ameikinga jua kwa kofia. Iko paka mama yake, peke yake. Anakula majani.

– Na mutoto?

– Mutoto haiko.

Mtoto mwenyewe alikuwa okapi, na aliishi katika bustani ya wanyama ya mji mmoja wa baridi huko Ulaya. Bustani hiyo ilikuwa imechoka kungoja watu waje langoni na tikiti. Ikaona heri iwafuate huko huko waliko, ndani ya simu zao. Ikaweka kamera katika nyumba ya okapi, usiku na mchana. Mara moja kwa mwezi, asubuhi, bibi mmoja mwenye kofia ya masikio ya okapi aliendesha kipindi cha Saa ya Maziwa, chenye maswali na zawadi. Kulikuwa na ufundi wa kuivisha picha yako miguu yenye milia. Siku za mpira mama okapi aliwekewa vikapu viwili vya majani, na kile alichokianza ndicho kilichotabiri timu itakayoshinda. Floribert aliiangukia bustani hiyo siku aliyokuwa akitafuta kwenye simu habari za barabara ya Mambasa. Simu ilitafuta, ikatafuta, kisha ikamletea okapi, kama karani anayesema: ulichoomba hakipo, chukua hiki.

Akakaa. Watazamaji wengine waliandika vifijo na kuchora mioyo. Yeye aliandika kwa Kifaransa cha ofisini, kama alivyofundishwa: «Bwana Mkurugenzi, nina heshima kubwa ya kukufahamisha kwamba mama okapi hakumaliza majani yake ya asubuhi. Tafadhali pokea, Bwana Mkurugenzi, hakikisho la heshima zangu za juu kabisa. Nakala kwa taarifa: Mganga wa Mifugo.» Ulaya nzima ikampenda. Watu waliokuwa hawajawahi kuandikiwa barua na serikali yao wakaanza kungoja barua za Floribert wa Bunia. Na mtoto alipozaliwa, bustani ikaitisha kura ya jina. Yenyewe ilipendekeza Simba, jina la ajabu kwa mnyama anayekula majani, na Safari, kwa mnyama ambaye hajatoka bandani. Watazamaji wakaongeza la tatu: Floribert. La tatu likashinda kwa mbali.

Bunge lilicheka siku mbili. Floribert hakucheka hata moja.

Kwao, mtu anayebeba jina lako ni majina wako, na umajina ni kazi. Mama mzazi unampelekea kitenge, mtoto unampelekea kuku. Akiugua, wewe ndiwe wa kwanza kuitwa. Akifa, wewe unakaa karibu na mkeka. Naye kwa upande wake anahakikisha kwamba siku utakapokufa, jina lako halitabaki nje likizunguka kama mtu aliyefungiwa mlango. Floribert na marehemu mkewe Emérance hawakujaliwa mtoto. Na watoto wote wale aliowaandika Fataki, hakuna hata mmoja aliyepewa jina lake. Wazazi walimshukuru vizuri, lakini mtu hampi mtoto jina la dirisha la ofisi.

Basi alinunua kitenge, akakikunja, akakiweka sandukuni. Alinunua na kuku, jike jeusi lenye madoa, akamfunga nyumbani kwa Mama Charlotte. Kuku alipoanza kutaga, mayai yakatambuliwa na bunge kuwa mali ya mtoto. Habari hizo zote aliziandikia bustani. Alipata mioyo mingi sana.

Halafu mtoto akatoweka kwenye picha.

– Muzee, miye nilishakuambia, akasema Philippe kwa dari isiyokuwapo. Ni rezo, mutandao wa simu. Mutoto iko pale pale. Ila mega zako hazimufikie. Mama iko munene, anapita. Mutoto iko mudogo, anabakia mu njia.

– Majani yanapita. Majani ni madogo kuliko mutoto.

– Majani hayatembee. Kitu yenye kutembea njo inasumbuaka rezo.

– Philippe, akasema Mama Charlotte, ile dari ya pastere ilianguka juu ya rezo pia?

– Ile ilianguka juu ya pastere.

Félicien alikohoa kile kikohozi chake cha kabla ya taarifa ya habari.

– Kufuatana na vyanzo vya kuaminika...

– Chanzo gani?

– Chanzo ambacho kimeomba jina lake lisitajwe.

– Ni weye.

– Nimeomba. Kufuatana na vyanzo, kule zoo bameweka utawala wa kijeshi, sawasawa na huku. Directeur ametoka, colonel ameingia. Amri ya kwanza: mutoto yeyote asionekane mu kamera.

– Mutoto ya okapi amekosea nini?

– Njo wanachunguza. Na porte-parole, musemaji wao, atatoka, atasema hali iko chini ya udhibiti.

– Basi amekufa, akasema Mama Charlotte.

Lilimtoka tu, kwa uzoefu. Hata pikipiki zilizokuwa zikipita zilionekana kupunguza sauti. Mama Charlotte akachukua kikombe cha Floribert, kilichokuwa bado nusu, akakijaza mpaka juu, na katika bunge lile hiyo ilikuwa ni kuomba msamaha kwa maandishi.

– Hata miye nimefikiria hivyo, akasema Floribert polepole. Sikatae. Nimeandika barua, nimeandika ukumbusho wa kwanza, nimeandika wa pili. Hakuna jibu.

– Si uliniambia umepata mioyo?

– Mioyo nimepata.

Mioyo ilikuwa mingi na jibu halikuwapo. Floribert alikuwa amefanya kazi serikalini, tofauti hiyo aliijua.

– Sikilizeni, akasema. Kama amekufa, banipashe habari. Ntatandika mukeka, nitavua kiatu, watu watakuja, tutamaliza. Kama hakufa, basi niache kufikiria usiku. Nataka moja kati ya hii mbili. Siombe ingine.

– Wahenga walisema, akaingilia Félicien, asiyekuwapo na lake halipo. Maana yake, kama mutoto haiko, basi na shida yake haiko.

– Maana yake haiko ile.

– Njo maana tuliyotumia redio.

– Ndiyo sababu mbuzi wa watu hawakuonekana.

Philippe alikuwa ameazimwa simu, anaigeuza huku na huku mbele ya macho kama mtu anayepima ufa.

– Muzee, angalia hii fagio hapa kwa ukuta. Jana ilikuwa imeegama hivi?

– Ilikuwa imeegama.

– Juzi?

– Juzi vile vile.

– Fagio haina kuegama siku tatu kwa Wazungu. Kule wanafagia. Akairudisha simu kwa heshima, kama daktari anayerudisha picha ya mapafu mabaya. Bwana, hii picha ni ya zamani. Wanairudilia. Ulaya muzima inaangalia juzi.

– Na mama anayekula majani?

– Anakula majani ya juzi. Na nitakuambia ingine, lakini usikasirike. Miye nimefanya kazi ya dari mu kila aina ya nyumba, ninajua kitu cha kweli na kitu cha kupaka rangi. Ule mnyama haiko mnyama. Mbele farasi, nyuma punda milia? Nani alishaona Mungu kukosa kitambaa katikati ya kazi? Mule ndani muko watu wawili. Mumoja kichwa, mwingine miguu ya nyuma, na suruali ya milia. Mutoto alikuwa mwanafunzi wa kazi. Contrat yake imeisha.

– Okapi ni wa kwetu, Philippe, akasema Floribert. Anatoka mu pori ya hapa hapa. Baba yangu alimuona kwa macho yake.

– Baba yako aliona mbele ao nyuma?

Floribert alifikiri kwa uaminifu.

– Nyuma. Alikuwa anakimbia.

– Njo vile.

– Nani alikuwa anakimbia? akauliza Félicien. Okapi ao baba?

– Bote.

Mama Charlotte alikusanya vikombe, akavisuuza, akavigawa tena. Helikopta nyeupe ilipita juu kuelekea kaskazini, na bunge likangoja ipite, kama linavyongoja kila mara, bila mtu kuinua kichwa isipokuwa Philippe, ambaye kichwa chake kilikuwa juu tayari. Félicien alitumia muda huo kupika habari yake kuu.

– Ndugu wasikilizaji, akasema. Tunakosea kwa kuuliza mutoto amekwenda wapi. Tuulize kamera inaangalia wapi. Weye Muzee, unaangalia simu. Simu haina jicho?

– Iko nalo. Hapa juu.

– Nalo linaangalia nani?

Wote wakalitazama lile tundu dogo juu ya kioo. Philippe, bila kujijua, akafunga kifungo cha shati.

– Njo hivyo, akasema Félicien, sauti imeshuka kama ya saa mbili usiku. Zoo siyo kule. Zoo ni hapa. Kule Ulaya batu wamekaa na kahawa yao, wanaangalia benchi ya Nyakasanza. Iko na kipindi: Saa ya Tangawizi. Wanabonyeza mioyo. Wanapiga kura nani ataongea. Na mutoto ya okapi naye amekaa kule mu kiti, anatuangalia, ndiyo sababu mu banda haiko.

– Kama siye njo zoo, akauliza Philippe, nani anatulisha?

– Hatulishwe? Lori za misaada zinafika lini mu kambi ya watu waliokimbia vita?

– Zikifika.

– Hata zoo zingine ziko na matatizo ya usimamizi.

Mama Charlotte aliweka kifuniko cha thermos, akakikaza.

– Haiko zoo hapa, Kominike.

– Ushahidi?

– Zoo iko na ukuta muzuri. Iko na mulinzi langoni. Usiku wanafunga, na asubuhi wanahesabu kama wanyama bote bangali pale. Weye, usiku, nani anakuhesabu?

Félicien akasema kwamba taarifa hiyo ataifuatilia.

Ni wakati huo mwanamke mmoja alipotokea upande wa barabara ya Djugu, na beseni kichwani, na ndani ya beseni sufuria, godoro jembamba lililoviringwa na dumu tupu la njano. Aliuliza kama pale kahawa inauzwa au ni mkutano. Mama Charlotte alimwambia ni vyote viwili na kwamba vyote viwili vina nafasi. Wanaume wakasogea. Mwanamke akashusha beseni, akakaa ukingoni mwa benchi, mgongo wima, kama anayeweza kuamshwa wakati wowote.

– Mumefika lini? akauliza Mama Charlotte.

– Jana jioni. Tumelala kwa kanisa.

– Pole, mama. Mama nani?

Hilo ni swali la kila siku. Mwanamke wa umri ule huitwa kwa jina la mtoto wake, na mwuza kahawa hawezi kumpa mtu kikombe bila kujua amwite nani. Mgeni alikitazama kile kikombe.

– Immaculée, akasema. Paka Immaculée, basi.

Jina la mtoto hakulitaja. Mama Charlotte alitia sukari bila kuuliza vijiko vingapi. Félicien aligundua uchafu kwenye kiatu chake. Floribert, ambaye maisha yake yote alikuwa amewauliza akina mama majina ya watoto wao, aliinamia simu haraka, na bahati ikamsaidia: simu ilikuwa imeanza kupiga muziki.

– Imeanza, akasema. Ni live. Ni ule bibi wa masikio.

Benchi lote likamwegemea. Immaculée naye akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu ya mgeni. Kwenye kioo kilichopasuka pembeni, bibi mwenye kofia ya masikio ya okapi alikuwa akitabasamu, na vipande vya karatasi za rangi vikimwangukia kutoka juu, ingawa havikumgusa.

– Anasema nini? akauliza Mama Charlotte.

– Ngoja. Anasalimia. Anashukuru familia yote ya okapi duniani. Hiyo ni siye. Anasema... Floribert akainua kidole hewani. Anasema Floribert amekuwa mukubwa.

– Muzima?

– Muzima. Anasema amesafiri. Bamemuweka mu sanduku ya mbao yenye majani makavu, na mganga pembeni, bamemupeleka mu zoo ingine, mu inchi ya jirani. Ni mipango yao, ili kesho na kesho kutwa apate mke yenye haiko ndugu yake. Amefika vizuri. Amekula.

Bunge likashusha pumzi. Philippe akamgonga Floribert begani, na Félicien akatangaza kwamba yeye, kimsingi, ndivyo alivyosema. Floribert alivua kofia. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba mzigo mlima mzima na sasa ameambiwa autue.

– Muzima, akarudia. Basi. Nitamwandikia kuku iko hapa.

– Na sasa anasema nini tena? Mbona karatasi zimeanza kuanguka upya?

Floribert akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwa yakisemwa.

– Anasema kule alikofika wanamufanyia sherehe ya kumukaribisha. Watu wa kule nao wanataka furaha yao. Kwa hiyo wanaitisha kura ya jina jipya. Jina lepesi, lenye watoto ya kule wanaweza kusema. Yako matatu. Milia. Choko. Bingo.

– Na Floribert?

– Haiko kwa liste.

Kura ilikuwa wazi tayari. Mistari mitatu ya rangi ilikuwa ikikua pembeni mwa kioo, na Bingo aliongoza.

– Bingo, akasema Philippe. Miye nilikuwa na mbwa.

– Haiwezekane, akasema Floribert. Sauti yake ilikuwa ya dirishani, tulivu kabisa. Kubadilisha jina kunaomba hukumu ya tribinali. Hukumu inatangazwa. Kisha tangazo, mwenye kupinga anapewa muda wa kupinga.

– Hii njo tangazo, Muzee.

– Sawa. Kupinga kuko wapi?

Wakatafuta. Philippe alipitisha kidole chini ya kioo, pale panapobonyezwa.

– Iko moyo. Iko kidole kinatazama juu. Iko mikono inapiga makofi. Iko uso unalia.

– Bonyeza ule unalia.

– Hapana, nimeangalia vizuri. Unalia kwa kucheka.

– Hakuna wa kulia kwa kulia?

– Kwa leo hawakuweka.

Félicien akasimama, kwa bunge la wakaao tendo zito sana. Akasema lazima waandike kominike. Wenyeji wa pori ambalo mnyama alitoka, wakiwa wamekutana Bunia katika kikao cha dharura, wanalaani. Philippe akauliza wanalaani nani, zoo ya kwanza au ya pili. Félicien akasema zote, na sanduku pia. Philippe akasema labda ni afadhali kupigia kura Milia, kwa kuwa angalau ni jina lenye maana na mtu mwenyewe anayo. Félicien akamwita msaliti. Mama Charlotte akamwambia Félicien akae, kahawa inapoa.

– Kuku mugeni hakosi kamba muguuni, akasema Félicien akikaa.

Safari hiyo, kwa bahati mbaya, methali ilikuwa mahali pake, na hakuna aliyeweza kumpinga.

– Ni deplase, mutu aliyekimbizwa kwake, akasema Philippe, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa ametazama chini. Ametolewa usiku mu sanduku. Amefika mahali pa watu. Wanamwandika upya. Kila mutu iko na furaha amefika.

Floribert hakuwasikia vizuri. Alikuwa akitafuta kichwani, kwa utaratibu, rafu baada ya rafu, kama alivyokuwa akitafuta kule Fataki. Majina akifa, kuna mkeka. Majina akiwa hai, kuna kuku. Majina akiwa hai, amekula, amesafiri salama, ila jina lenyewe amevuliwa mlangoni: kwa huyo desturi haikuwa imesema kitu. Hakuna wa kumlilia. Hakuna wa kumpelekea kitenge. Bingo hakuwa na deni lolote kwake, wala yeye kwa Bingo. Na lile jina, ambalo kwa msimu mmoja mzima lilikuwa na miguu minne na masikio makubwa na mahali pa kulala, aliliona limesimama tena nje.

Aliweka kidole kwenye sehemu ya kuandikia. Akaandika: «Bwana Mkurugenzi, nina heshima kubwa ya». Akaishia hapo. Bingo alikuwa amewaacha wenzake mbali.

– Muzee, nisamehe.

Alikuwa Immaculée. Kikombe chake alikuwa amekishika kwa mikono miwili, na kahawa haijanywewa. Wote wakamgeukia, wakiwa wamemsahau, na kwa kumsahau wakaona haya.

– Sema, mama.

– Huyu mutoto alikuwa na jina.

– Alikuwa nalo.

– Sasa hawatamuita tena vile.

– Hawatamuita.

– Na weye njo ulikuwa mutu wa majina. Kwetu Fataki watu wanakujua. Akawapitishia macho, kama anayepima kama swali linafaa mahali palipojaa wanaume. Ile jina yenye hawaite tena, sasa inabakia kwa nani?

Philippe alitazama juu. Félicien hakutaja chanzo. Mama Charlotte alishika thermos ya pili, akaitikisa, akaimimina yote katika kikombe cha mgeni kilichokuwa bado kimejaa, mpaka kahawa ikafurika kwenye vidole vya mwanamke, na hakuna kati yao wawili aliyesogeza mkono.

Dirishani kule Fataki, swali lililomshinda Floribert lilikuwa na jibu lake: rudi kesho. Alilitumia kwa miaka, kwa heshima, na watu walirudi. Sasa alimtazama yule mama aliyefika jana na beseni, akaona kwamba hata hilo hawezi kumwambia. Akaizima simu. Akahamia mwisho wa pili wa benchi, kwenye ukingo mwembamba, akamwachia mahali pake pa katikati, panapoweza kuegemewa ukuta. Immaculée akasogea, na baada ya kitambo akaegemea.